Kazi ya Waziri Huanza Kabla ya Msiba

Kaunti 47 za Kenya zina mawaziri 47 wa afya. Wananchi wengi hawalijui jina la wa kwao mpaka wauguzi wagome, au mpaka mama mjamzito afie njiani kwa kukosa gari la wagonjwa. Katiba ya 2010 ilizikabidhi serikali za kaunti hospitali, vituo vya afya, zahanati na magari hayo, na tangu 2013 uhai wa Wakenya umekuwa ukiamuliwa kwa sehemu kubwa na watu ambao hawakupigiwa kura. Gavana huwateua, bunge la kaunti huwaidhinisha, na siku ya aibu hawaonekani. Kifungu cha 39 cha Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 kinasema kwamba wajumbe wa kamati tendaji ya kaunti wanawajibika kwa gavana kwa pamoja na kila mmoja peke yake. Kile kipande cha mwisho, kila mmoja peke yake, kiliandikwa kwa makusudi, nacho kimesahauliwa kwa makusudi vilevile.

Ndiyo maana leo tunamleta mbele yao waziri wa mbali. K. K. Shailaja alishika wizara ya afya ya jimbo la Kerala, kusini-magharibi mwa India, kuanzia Mei 2016 hadi Mei 2021. Hakuwa waziri wa taifa. Katiba ya India imeziweka afya ya umma, hospitali na zahanati mikononi mwa majimbo, na kwa hiyo kiti alichokalia kinafanana zaidi na cha waziri wa afya wa Kakamega au Kilifi kuliko cha waziri wa kitaifa anayeketi Afya House. Ukubwa ndio unaotofautiana: sensa ya 2011 ilihesabu Kerala watu zaidi ya milioni 33. Tumemchagua kwa sababu rekodi yake inabeba mambo mawili ambayo wanasiasa wetu hupenda kuyatenganisha, yaani sifa za dunia nzima na faili la mkaguzi wa hesabu. Tutayasoma yote mawili.

Alizaliwa mwaka 1956 katika wilaya ya Kannur, kaskazini mwa Kerala, katika ukoo wa wanaharakati. Husimulia habari za bibi yake aliyewauguza wagonjwa wa ndui wakati wengine walipowakimbia. Alisomea sayansi, akafundisha fizikia katika shule ya sekondari ya Sivapuram, na mpaka leo watu wa Kerala humwita Shailaja Teacher. Alikulia kisiasa ndani ya Chama cha Kikomunisti cha India cha mrengo wa Kimarx, kwenye jumuiya zake za vijana na za wanawake. Aliingia bunge la jimbo mwaka 1996 kwa eneo bunge la Kuthuparamba, akarudi mwaka 2006 kwa Peravoor, akashindwa 2011, akashinda tena 2016. Hapo ndipo alipopewa wizara.

Kwa hiyo hakuwa daktari. Tunalisema hili mapema kwa sababu ni kisingizio kinachosikika sana katika mabunge yetu ya kaunti: kwamba waziri si mtaalamu, kwamba ameambiwa na wataalamu, kwamba swali lielekezwe kwa mkurugenzi wa matibabu. Waziri hahitaji kujua kusoma picha ya eksirei. Anahitaji kujua maabara yake inachukua siku ngapi kurudisha jibu, ni vitanda vingapi vina oksijeni, nani ana funguo za bohari ya dawa usiku wa Jumapili, na fedha za dharura zinatolewa kwa sahihi ya nani. Hayo ni maswali ya utawala, na mwalimu wa fizikia anayafahamu akiamua kuyauliza.

Haki inatutaka tuseme pia alichokikuta. Kerala haikuanza naye. Watawala wa Travancore, ufalme wa zamani ulio sehemu ya Kerala ya leo, walifungua shule na hospitali tangu karne ya 19. Serikali ya E. M. S. Namboodiripad iliyochaguliwa mwaka 1957 ilianzisha mageuzi ya ardhi. Elimu ya wasichana ilienea huko kabla ya sehemu nyingi za India. Mwaka 1996 jimbo liliamua kupeleka zaidi ya theluthi moja ya bajeti yake ya maendeleo kwa serikali za mitaa, na vituo vya afya vya msingi vikawekwa chini ya mabaraza ya vijiji. Mtu yeyote anayesema Shailaja ndiye aliyeijenga afya ya Kerala anawanyang'anya sifa vizazi vinne vya wakunga, walimu na madiwani.

Hata hivyo urithi huo ulikuwa umeanza kuchakaa. Wagonjwa wengi walikuwa wamezihama hospitali za umma na kukimbilia za binafsi, ambako ugonjwa mmoja ulitosha kuifilisi nyumba. Februari 2017 serikali ilianzisha mpango ulioitwa Aardram. Vituo vya afya vya msingi viligeuzwa kuwa vituo vya afya ya familia, vikaongezewa madaktari, wauguzi na maabara, na muda wa kuwaona wagonjwa wa nje ukasogezwa hadi jioni ili kibarua aweze kufika baada ya kazi. Hakuna kamera inayokimbilia habari ya kituo cha kijiji kuwa wazi saa kumi na moja jioni. Lakini sajili za India zinaonyesha kwamba vifo vya watoto wachanga Kerala vilikuwa 12 kwa kila watoto 1,000 waliozaliwa hai mwaka 2015, na 6 mwaka 2020, wakati India nzima ilikuwa 28. Kushuka huko hakukuwa kazi ya mtu mmoja wala ya miaka mitano tu. Kulikuwa kazi ya vituo vilivyokuwa na watu, dawa na mlango uliofunguka.

Mtihani ulikuja Mei 2018. Katika mji mdogo wa Perambra, wilayani Kozhikode, kijana mmoja alifariki hospitalini bila ugonjwa wake kutambuliwa. Ndugu yake alipoletwa na dalili zilezile, madaktari walishuku jambo lisilo la kawaida na kupeleka sampuli maabara. Tarehe 20 Mei jibu la taasisi ya taifa ya virusi iliyoko Pune lilithibitisha kwamba ni Nipah, virusi vinavyobebwa na popo wanaokula matunda, visivyo na chanjo wala tiba iliyothibitishwa. Kusini mwa India havikuwa vimewahi kuonekana. Bengali Magharibi, jimbo la mashariki mwa India, ilivijua, tena kwa gharama: huko Siliguri mwaka 2001 vilienea ndani ya hospitali, vikaua watu 45 kati ya 66 walioambukizwa, na jina la ugonjwa likajulikana miaka kadhaa baadaye, wafu wakiwa wamekwisha kuzikwa na kuchomwa.

Shailaja alikwenda Kozhikode na kuongoza kazi akiwa huko. Alifika Perambra, ambako watu walikuwa wamezihama nyumba zao kwa hofu, akawaeleza ugonjwa unavyoambukiza na usivyoambukiza. Hospitali kuu ya wilaya ilitengewa wodi maalumu. Maofisa walikaa na familia za wagonjwa wakiuliza nani alikaa kitanda cha jirani, nani alisukuma machela, nani alisubiri kwenye ukumbi uleule wa eksirei, hata ikapatikana orodha ya watu zaidi ya 2,000 waliotangamana na wagonjwa, na kila mmoja akafuatiliwa. Miili ilizikwa au kuchomwa chini ya usimamizi wa maofisa wa afya. Kwa hesabu ya serikali watu 17 walifariki na wawili wakapona. Miongoni mwa waliokufa alikuwamo muuguzi kijana wa hospitali ya Perambra aliyemhudumia mgonjwa wa kwanza bila kinga, kwa kuwa hakuna aliyejua anahudumia nini. Serikali ilimpa mumewe ajira na kuwawekea watoto wao fedha. Huo haukuwa ukarimu. Serikali inayompeleka mtumishi wake mikono mitupu kwenye hatari ina deni kwa wanawe, na tungependa kujua ni kaunti ngapi zimelilipa deni la aina hiyo kwa wahudumu wa afya waliokufa wakati wa korona.

Waziri asingeweza kuzuia popo kuruka. Angeweza kuhakikisha kwamba daktari anayeshuku jambo ana mahali pa kupeleka sampuli, na kwamba jibu likija halifichwi. Baada ya Nipah, Kerala iliandika taratibu zake, ikafunza watu wake, na mwaka uliofuata mgonjwa mmoja alipothibitishwa huko Ernakulam, mamia ya waliokuwa karibu naye walitafutwa mara moja. Mgonjwa yule alipona na hakuna aliyekufa. Habari ikaisha haraka. Ndivyo wajibu uliotimizwa unavyoonekana mara nyingi, na ndiyo sababu wanasiasa hawaupendi: hauzai jiwe la msingi la kufunua wala utepe wa kukata.

Sisi wa Afrika Mashariki hatuwezi kuisoma habari hii kana kwamba popo ni wa India peke yao. Marburg, ndugu wa karibu wa Ebola, hubebwa na popo wanaokula matunda wanaoishi kwenye mapango na migodi ya ukanda wetu. Machi 2023 watu watano walikuwa wamekufa mkoani Kagera kwa ugonjwa usiojulikana. Sampuli zilipimwa, na tarehe 21 Waziri wa Afya wa Tanzania alisimama hadharani akautaja kwa jina: Marburg. Mlipuko ulitangazwa kuisha tarehe 2 Juni ukiwa umewapata watu tisa, sita kati yao wakafa. Ilikuwa kazi iliyofanywa sawasawa na tuliisifu. Januari 2025, mkoa uleule, wilayani Biharamulo, Shirika la Afya Duniani lilisema tarehe 14 kwamba linashuku Marburg. Wizara ikajibu kwamba sampuli zilizopimwa hazikuonyesha virusi hivyo. Tarehe 20 Rais Samia Suluhu Hassan, akiwa na mkurugenzi mkuu wa shirika hilo mjini Dodoma, alithibitisha kuwa upo. Watu kumi walihesabiwa kuwa waliupata kwa uhakika au kwa dalili zote, na wote kumi walikufa. Kipimo cha kwanza kinaweza kukosa. Hilo hutokea katika maabara yoyote. Lakini kati ya kusema "hatujaupata mpaka sasa, tunaendelea kupima, chukueni tahadhari" na kusema "haupo" kuna tofauti ambayo muuguzi wa Biharamulo anailipia kwa mwili wake.

Korona ilipozuka Wuhan, Shailaja hakusubiri maelekezo ya Delhi. Wanafunzi wengi wa Kerala walikuwa wakisoma udaktari nchini China, na ilikuwa dhahiri kwamba watarudi. Kabla Januari 2020 haijaisha vyumba vya uratibu vilikuwa vimefunguliwa jimboni na wilayani, na abiria wakapimwa viwanjani. Tarehe 30 Januari India ilithibitisha mgonjwa wake wa kwanza: mwanafunzi aliyerejea Thrissur kutoka Wuhan. Wengine wawili wakafuata, wote Kerala. Wote watatu walipona, na wimbi hilo la kwanza likafa bila kusambaa. Machi, familia iliyorejea kutoka Italia iliponyoka ukaguzi wa uwanja wa ndege na kuambukiza jamaa na majirani huko Pathanamthitta. Maofisa walichora ramani ya kila mahali walikopita, duka kwa duka na saa kwa saa, wakaitangaza ili aliyekuwapo ajitokeze. Kila jioni kiongozi wa serikali ya jimbo, Pinarayi Vijayan, alisoma takwimu za siku mbele ya wananchi. Katikati ya Mei jimbo la watu milioni 33 na ushei lilikuwa na vifo vinne. Juni, Umoja wa Mataifa ulimwalika Shailaja kuzungumza katika siku ya utumishi wa umma.

Katika miezi hiyohiyo Tanzania iliacha kutangaza takwimu zake. Mwanzoni mwa Mei 2020 hesabu ilisimama kwenye wagonjwa 509 na vifo 21, na ikabaki hapo kwa zaidi ya mwaka, huku kila mtaa ukijua nani amezikwa. Hatuirudii habari hii kwa kutaka kuwasuta waliokufa. Tunairudia kwa sababu wako mawaziri na maofisa walio hai leo, wengine wangali madarakani, ambao waliapa kulinda afya ya watu na wakanyamaza, na mpaka sasa hakuna aliyeitwa mbele ya kamati yoyote ya Bunge kueleza kwa nini. Kunyamaza kwa waziri ni kitendo, na kitendo hudaiwa maelezo.

Sasa tufungue faili la pili, maana tahariri inayosifu upande mmoja ni tangazo.

Machi 2020, wakati dunia nzima iligombania glavu na barakoa, shirika la serikali ya Kerala linalonunua dawa na vifaa tiba lilinunua seti za mavazi ya kujikinga kwa rupia 1,550 kila seti. Siku hizohizo wauzaji wengine walikuwa wakiuza kwa chini ya rupia 600. Upinzani ulipiga kelele, malalamiko yakafika kwa chombo cha jimbo kinachochunguza ufisadi wa viongozi, na Januari 2025 ripoti ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali ya India iliwekwa mezani bungeni. Ilisema ununuzi huo ulilisababishia jimbo gharama ya ziada ya rupia milioni 102.3. Utetezi wa Shailaja umekuwa uleule tangu mwanzo: soko lilikuwa tupu, bei zilipanda kwa saa, wahudumu walikuwa wakiingia wodini bila kinga, na mara bei iliposhuka oda ikapunguzwa.

Huenda ana haki. Aliyekuwa na wauguzi wanaomsubiri mlangoni hakuwa na muda wa zabuni ya siku 30, na tungemlaumu vikali zaidi kama angewaacha wafe huku akitunza utaratibu wa karatasi. Ila dharura huondoa ushindani wa zabuni, haiondoi kumbukumbu. Nani alipiga simu kwa muuzaji, nani mwingine aliulizwa bei, nani alikubali, saa ngapi, kwa sababu gani: hayo huandikwa kwenye ukurasa mmoja hata usiku wa manane, na ukurasa huo ndio unaomlinda mwaminifu na kumnasa mwizi. Waziri aliyezoea kusifiwa kwa maandalizi alipaswa kuwa ameuandaa ukurasa huo pia. Wanaomtetea kwa kutaja tuzo zake hawamsaidii. Tuzo haijibu hoja ya mkaguzi.

Kenya inafahamu habari hii kwa uchungu wake. Mwaka 2020 ukaguzi maalumu wa Mkaguzi Mkuu wa Hesabu uligundua kwamba mamlaka ya taifa ya ununuzi wa dawa, KEMSA, ilikuwa imenunua vifaa vya korona vya shilingi bilioni 7.8 kwa njia zilizokiuka sheria, vingine kwa bei iliyopita ya soko, vikabaki bohari bila mnunuzi. Wahudumu wa afya waligoma wakidai vifaa vilevile. Kati ya Kerala na Nairobi iko tofauti tunayotaka isomwe vizuri: kule mashtaka ya wakaguzi yalimkuta waziri ambaye hospitali zake zilifanya kazi na watu wake walipimwa, hapa fedha zilitoka na vifaa havikufika. Lakini tofauti hiyo ni ya kupima adhabu. Wajibu wa kujibu ni uleule kwa wote wawili.

Yako pia ya vifo. Kerala ilihesabu vifo vya korona kwa masharti magumu mwanzoni, ikawaacha nje baadhi ya waliokuwa na magonjwa mengine. Daktari mmoja na kundi la watu wa kujitolea walianza kuhesabu wenyewe, wakisoma taarifa za vifo katika magazeti, na hesabu yao ikaipita ya serikali. Baada ya Mahakama ya Juu ya India kushughulikia fidia kwa familia za marehemu, jimbo lililazimika mwaka 2021 kuongeza maelfu ya vifo ambavyo havikuwamo, vikiwamo vya kipindi cha Shailaja. Hadi sasa hesabu rasmi ya Kerala imepita vifo 70,000. Hili halifuti mazuri ya mwanzo wa 2020. Linaonyesha kwamba hata serikali iliyotangaza takwimu kila jioni ilihitaji raia wakaidi wenye magazeti na kalamu, na mahakama isiyoiogopa. Waziri mzuri haondoi haja ya wasimamizi. Tena anapaswa kuwa wa kwanza kuwakaribisha.

Mei 2021 muungano wa vyama unaoongozwa na chama chake ulirudi madarakani kwa viti 99 kati ya 140, na yeye akashinda eneo bunge la Mattannur kwa tofauti ya kura 60,963, kubwa kuliko zote hadi wakati huo katika historia ya chaguzi za bunge la jimbo hilo. Siku chache baadaye akaachwa nje ya baraza la mawaziri. Chama kilikuwa kimeamua kwamba, isipokuwa kiongozi wa serikali mwenyewe, mawaziri wake wote wawe wapya. Nafasi yake ikachukuliwa na Veena George, aliyewahi kuwa mwandishi wa habari. Tunasema wazi kwamba wakati ule haukuchaguliwa vizuri. Tarehe 12 Mei Kerala ilikuwa imerekodi wagonjwa wapya zaidi ya 43,000 kwa siku moja, hospitali zimejaa, na wakati huo haukuwa wa kumwondoa mtu anayejua kila chumba cha jengo. Na kanuni inayowaondoa wote ila mmoja aliyeko juu inadai maelezo zaidi ya yaliyotolewa.

Lakini namna alivyoondoka ndiyo tunayotaka magavana na mawaziri wao waisome mara mbili. Wananchi na watu mashuhuri walilalamika. Yeye akasema ni uamuzi wa chama na kwamba kazi ilikuwa ya timu nzima. Akakubali kuwa kiranja wa chama bungeni, akaendelea kuwatumikia wapiga kura wa Mattannur. Hakuhamia chama kingine, hakufungua ofisi ya kuivuruga wizara, hakumnyima mrithi wake nyaraka. Mwaka uliofuata alipofuatwa kwa Tuzo ya Ramon Magsaysay, mojawapo ya heshima kubwa za Asia, aliikataa baada ya kushauriana na chama. Sababu zilikuwa za kiitikadi kwa sehemu, kwa kuwa Magsaysay, rais wa zamani wa Ufilipino ambaye tuzo hiyo inabeba jina lake, aliwapiga vita wakomunisti wa nchi yake. Sababu nyingine ilikuwa kwamba tuzo ni ya mtu binafsi na kazi iliyotuzwa haikuwa ya mtu binafsi. Wapo walioona chama kimemdhulumu, na hoja yao ina uzito. Sisi tunaona kwamba hoja ya pili ilikuwa kweli tupu. Orodha ya watu 2,000 wa Kozhikode haikuandikwa na waziri. Mwaka 2024 aligombea ubunge wa taifa huko Vadakara akashindwa kwa zaidi ya kura 114,000. Sifa za dunia hazikumpa kiti, na alikubali matokeo.

Wasomaji wetu wazee watakumbuka kwamba ukanda huu ulipata kuwa na kipimo kikali zaidi. Watuhumiwa wa mauaji ya vikongwe walipokufa mikononi mwa vyombo vya dola huko Shinyanga na Mwanza, Ali Hassan Mwinyi, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Ndani, alijiuzulu mwaka 1977. Hakuwa amemgusa mtu. Askari waliofanya unyama ule walikuwa mamia ya maili kutoka ofisini kwake. Aliachia kwa sababu yalitendwa chini ya dhamana yake, na miaka minane baadaye akawa Rais wa Jamhuri ya Muungano. Mawaziri wa leo wanaoshika kiti kwa meno, wakidhani kwamba kujiuzulu ni kifo cha kisiasa, waisome historia ya nchi zao wenyewe.

Turudi kaunti. Mgomo wa madaktari wa Kenya ulioanza Desemba 2016 ulidumu siku 100. Ule wa wauguzi uliofuata mwaka 2017 ulipita miezi minne. Wagonjwa walirudishwa getini, wajawazito wakajifungulia kwenye mabenchi, na katika muda wote huo Nairobi ilisema afya imegatuliwa, na magavana wakasema fedha hazijafika. Yote mawili huenda yalikuwa kweli, na hakuna hata moja lililokuwa jibu. Ugatuzi haukuletwa ili kuongeza idadi ya watu wa kusingiziana. Uliletwa ili mama wa Marsabit amjue anayehusika, ajue ofisi yake iko mtaa gani, na aende kumuuliza. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012, kifungu cha 40, inampa diwani uwezo wa kuanzisha hoja ya kumwondoa waziri wa kaunti kwa uzembe au matumizi mabaya ya ofisi. Uwezo huo umetumika mara nyingi kulipiza visasi vya kisiasa na mara chache mno kwa ajili ya dawa zilizokosekana.

Mwaka wa fedha wa kaunti huanza Julai 1, na makadirio ya matumizi hufikishwa bungeni kabla ya Aprili 30. Katika majuma yaliyo kati ya tarehe hizo mbili, kila kamati ya afya ya bunge la kaunti imwite waziri wake, peke yake, bila gavana na bila msururu wa wasaidizi, kikao kikiwa wazi kwa wananchi na kwa redio za mtaa. Aulizwe sampuli ya ugonjwa usiojulikana itakwenda maabara gani kutoka zahanati ya mbali kuliko zote katika kaunti, kwa chombo gani cha usafiri, na jibu litarudi baada ya siku ngapi. Aulizwe ni wauguzi wangapi wako kwenye mikataba ya muda na mishahara yao ya mwezi uliopita imelipwa lini. Alete orodha ya magari ya wagonjwa yanayotembea, siyo yaliyonunuliwa. Alete majibu yake ya maandishi kwa kila hoja ya Mkaguzi Mkuu wa Hesabu kuhusu idara yake kwa miaka mitatu iliyopita. Asiye na majibu hayo, kamati isimpitishie bajeti ya idara mpaka ayalete, na akishindwa mara ya pili, diwani mmoja asimame na kifungu cha 40 mkononi.